Nchi Isiyokuwa na Neno la Kunya

Mwatime binti Mbaruku, mwalimu mstaafu wa lugha, alifika nchi ya Sitara asubuhi moja ya masika kumtembelea mdogo wake Tunu, aliyeolewa huko na ambaye hawakuwa wameonana kwa miaka mingi. Njia aliyopita haina cha kusimulia. Mambo yalianzia langoni mpakani, pale afisa mmoja kijana, mpole, mwenye shati jeupe lililopigwa pasi vizuri, alipomvutia kiti na kumuuliza hali.

"Alhamdulillahi," alisema Mwatime. "Ila safari imenichosha. Nimesafiri tangu juzi bila kupumzika, na jana ndiyo zaidi, nimesafiri na watu gari zima, tumebanana, watoto wanalia."

Afisa aliinamisha kichwa. Mwanamke aliyekuwa nyuma kwenye foleni alimziba mwanawe masikio. Afisa akavuta saraka, akatoa pakiti ya chumvichumvi, ile ya kuchanganya na maji anayopewa mtu anayeharisha, akaisukuma juu ya meza kwa ncha ya kidole bila kumtazama mgeni usoni.

"Pole sana, mama," alinong'ona. "Tumia maji yaliyochemshwa. Hapa kwetu tutakusitiri."

Mwatime aliipokea pakiti akashukuru, maana hakulelewa kukataa anachopewa, lakini alitoka pale akijiuliza amekosea wapi.

Jibu alilipata jikoni kwa Tunu. Walikuwa wamekwisha kukumbatiana na kulia kidogo, wameulizana habari za waliokufa na waliozaliwa, na Tunu amekaa kwenye kibao anachekecha unga.

"Dada, uliongea nini pale langoni?" aliuliza Tunu kwa sauti ya chini. "Habari zako zimefika hapa kabla yako."

"Nilisema nimechoka na safari."

Tunu aliangalia mlango, akauegesha kwa mguu. "Hilo neno hapa halisemwi hivyo. Hilo ndilo neno la… ile kwenda uani."

"Kwenda uani kufanya nini?"

Tunu aliusawazisha unga kwenye sinia kwa kiganja. Akaandika kwa kidole: *kunya*. Kabla Mwatime hajamaliza kulisoma, akalifuta. Akaandika jingine: *haja*. Akalifuta. Akaandika *kujisaidia*, akafuta, na mwisho akaandika *kusafiri*. Hilo aliliacha kidogo, kisha akaendelea kuchekecha.

Ndivyo Mwatime alivyoijua sheria kuu ya Sitara. Watu wa nchi ile walikuwa waungwana kupita kiasi, na jambo walilolichukia kuliko yote lilikuwa kumtia mwenzao aibu. Zamani walikuwa na neno moja la jambo lile ambalo halina mfalme wala mtumwa asiyelifanya. Wakaliona zito mdomoni, wakalipiga marufuku, wakaazima neno safi, haja. Watu wakasema wanakwenda haja, wakaridhika. Lakini baada ya muda neno haja nalo likaanza kunuka, kwa sababu kila aliyelisikia aliona kilekile kilichokuwa nyuma yake. Likapigwa marufuku. Likaja kujisaidia, nalo likanuka. Ndipo Baraza la Ndimi likateua kusafiri, neno la heshima lenye upepo ndani yake.

"Na neno likishapigwa marufuku," alisema Tunu, "linakwenda na maana zake zote. Haliachiwi hata moja."

"Yaani hapa mtu hawezi kusema ana haja ya kitu?"

"Anasema angefurahi."

"Na akitaka kusaidiwa?"

"Anasubiri aonekane."

Siku zilizofuata Mwatime alizunguka mjini na shemeji yake Shaame, mume wa Tunu, mfanyabiashara wa vyombo vya bati, na akayaona mambo hayo kwa macho. Sokoni aliona mchukuzi ameanguka chini ya gunia la chumvi, mguu umenasa. Hakuita. Alisema tu, kwa adabu, "Jamani, mimi nipo hapa." Wapita njia wakamjibu, "Nasi tupo, tumshukuru Mungu," wakaendelea, mpaka Mwatime na Shaame wakalinyanyua gunia. Hawakuwa na roho mbaya wale watu. Walipoona gunia limeinuliwa walirudi kumpa pole, na mmoja alivua kilemba chake amfunge jeraha. Neno la kuwafanya wageuke ndilo lililokosekana.

Katika shule iliyo karibu na nyumba ya Tunu, mwalimu aliweka sanduku la kanga kuukuu nyuma ya mlango, kwa sababu watoto wadogo hawakuwa na neno la kuombea ruhusa na mara nyingi walichelewa. Vyumba vyenyewe vya kujistiri havikuwa na alama yoyote mlangoni. Mwatime alifungua mlango wa stoo, akafungua wa mwenye nyumba wa jirani aliyekuwa anakula, ndipo akapata alichokuwa anatafuta.

Mkuu wa Baraza la Ndimi alikuwa Mzee Mwinyikai, baba yake Shaame, na wote waliishi nyumba moja. Mwatime alikuwa amejiandaa kumchukia. Hakuweza. Alikuwa mzee mrefu, safi, anayesalimia mpaka watoto wachanga, na kila Mwatime alipoingia sebuleni alisimama, ingawa kusimama kulionekana kumuuma.

"Mwalimu," alimwambia siku moja, "najua kwenu mnatuona wajinga. Lakini niambie, kuna ubaya gani kumwekea mwenzako pazia?"

"Hakuna, baba. Nauliza tu, mapazia haya mtayatoa wapi yakiisha?"

Mzee alicheka kidogo, mkono ukaenda tumboni, na kicheko kikakatika.

Mwatime aliuona mkono ule. Alianza kuona na mengine. Mzee alikuwa anakula vijiko viwili vya uji na kusema ameshiba. Kanzu zake, zilizokuwa zinamning'inia kifuani, zilikuwa zimembana tumboni. Alikaa upande upande. Asubuhi alikwenda uani akakaa huko muda mrefu sana, akarudi na jasho kwenye paji la uso, akauliza kama chai ipo, asiinywe.

"Baba anaumwa," alimwambia Tunu.

"Tunajua, dada. Ameshakwenda kwa Daktari Nasoro. Mara ya kwanza alimwambia mambo yake yamekwama. Daktari akamshika mkono, akamwambia asikate tamaa, mambo ya dunia hufunguka polepole."

"Na mara ya pili?"

Tunu aliangalia chini. "Alimwambia mlango wa nyuma haufunguki. Daktari akamwandikia jina la fundi seremala. Fundi alikuja, akaupiga randa ule mlango wa uani. Sasa unafunguka vizuri."

Mwatime alitaka kucheka, na Tunu pia alitaka, lakini macho yao yalipokutana hakuna aliyecheka. Mzee alikuwa amezidi kuwa wa kijivu usoni.

"Na Shaame hamwambii daktari?"

"Amwambie kwa neno gani? Yale ya zamani ni faini na kufungiwa kazi. Hili la sasa limeshaanza kunuka, watu wanalionea haya. Baba mwenyewe ameitisha kikao ateue jingine. Hawezi kulitumia hili ilhali yeye ndiye anayelizika."

Kikao kiliitishwa Alhamisi, na kwa heshima ya undugu Mwatime aliruhusiwa kukaa nyuma na wageni. Ukumbi ulikuwa umefagiwa na kufukizwa udi. Daktari Nasoro naye alikuwepo, maana daktari wa mji alikuwa mjumbe kwa cheo chake. Mzee Mwinyikai aliongoza akiwa ameshika meza kwa mikono miwili.

Bibi Sifa, mjumbe mwenye sauti nzuri na hoja nzito, alisimama kutoa pendekezo.

"Waheshimiwa, tumeazima maneno kutoka barabarani na sokoni, ndiyo maana yanachakaa. Safari hii, samahanini, mara hii tuazime neno ambalo haliwezi kuchafuka. Mtu akitoka kule hufanya nini? Hushukuru. Napendekeza kushukuru. Mtu aseme, naomba nikashukuru. Nani atakunja pua?"

Wajumbe wengi waliguna kwa kuridhika. Mzee mmoja aitwaye Kombo, mwenye duka la kanzu, aliinua mkono.

"Mimi naona zuri. Nauliza tu. Mke wangu akinipa maji ya kunywa, nitamwambia nini?"

"Kwa miaka ya mwanzo utasema kama kawaida," alijibu Bibi Sifa. "Baadaye, likizoeleka, utatabasamu."

"Yeye haoni vizuri."

Bibi Sifa alifikiri. Hakuwa mtu wa kupuuza hoja. "Utamgusa bega," alisema kwa upole.

Mwatime, kule nyuma, aliwaza mji mzima usioweza kuomba msaada, na sasa unajiandaa, kwa adabu na kwa nia njema, kutoweza kushukuru kwa ule mdogo unaoupata. Kura zilipigwa. Nusu walikubali, nusu walitaka lifikiriwe tena, kwa hiyo kura ya mwisho ikabaki kwa mkuu wa Baraza. Wote wakamgeukia.

Mzee Mwinyikai alifungua kinywa, akaachia meza, akaanguka.

Alianguka polepole, kama nguo inayotoka kwenye kamba, na akalala sakafuni amejikunja, amekumbatia tumbo. Ukumbi wote ulisimama. Karani wa Baraza alinyoosha mkono kuelekea mlangoni akasema, "Mkuu ana… Mkuu yuko katika…" na watu wakamgeukia kwa hamu, wakingoja amalizie. Hakuwa na cha kumalizia. Daktari Nasoro alipiga magoti akamshika mzee kifundo cha mkono.

"Ni moyo?" aliuliza.

Mzee alitikisa kichwa kukataa.

"Mawazo?"

Alitikisa tena.

Mwatime alikuwa ameshafika. Hakukumbuka baadaye aliwapita vipi wajumbe wale. Alichuchumaa, akauweka mkono juu ya tumbo la mzee, akalikuta gumu kama ngoma iliyoanikwa juani. Akauliza, kwa sauti ile ile ambayo angemuulizia mtoto wa darasa la kwanza:

"Baba, umekunya lini mara ya mwisho?"

Bibi Sifa alijifunika uso kwa mtandio. Mahali fulani kiti kilianguka. Mzee Mwinyikai alimtazama Mwatime, na machozi yakaanza kumtoka pembeni mwa macho, yakielekea masikioni.

"Sijanya," alisema. Akavuta pumzi. "Sijanya tangu kabla hujaja, mwanangu. Tangu mwezi ulipoandama. Naumia. Nilidhani nitakufa nayo."

Daktari Nasoro alibaki amepiga magoti, uso umemwiva. Kisha, kama mtu aliyepewa funguo za chumba chake mwenyewe, akaanza kuuliza. Ulikuwa unapata mawe mawe kabla ya hapo? Kulikuwa na damu? Unatapika? Upepo unatoka? Mzee alijibu yote. Watu waliokuwa karibu walisikia, na hawakufa. Wengine walijikuta wanasogea, maana maswali yale walikuwa nayo nyumbani kwao, na hawakuwa wamewahi kuyasikia yakiulizwa.

Alibebwa kwenda zahanati, akapigwa bomba la maji ya uvuguvugu yenye sabuni, mara moja na mara ya pili. Hakuna haja ya kusimulia zaidi. Jioni hiyo alikunywa bakuli zima la mchuzi, akalala chali kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, na Shaame alikaa nje ya mlango ameinamisha kichwa, mabega yanamtikisika. Tunu akaketi karibu naye.

Kesho yake mzee alimwita Mwatime. Alikuwa ameegemea mito, mnyonge, lakini rangi imerudi.

"Lile neno," alisema. "Ulilitamka kama unataja chumvi. Ulijifunza wapi?"

"Nimelifundisha miaka mingi, baba. Na si kwa maana ile tu. Wazee waliotangulia walisema mvua inakunya. Siku hizi watu wanasema inanyesha, lakini kunyesha kumezaliwa na kunya. Wingu hujaa, halibebi tena, likaachia. Tumbo nalo vivyo hivyo. Waliona mambo hayo yanafanana wakayapa neno moja. Sidhani kama walikuwa wanatukana. Hakuna mkulima anayeitukana mvua."

Mzee aligeuza uso kuelekea dirishani.

"Mama yangu alikuwa analima mpunga," alisema mwishowe. "Nilikuwa mdogo, siwezi hata kufunga kikoi. Alikuwa anasimama mlangoni akiangalia juu, anasema, mvua ikinya leo, kesho tunapandikiza. Nalisikia sasa hivi. Halafu neno likapigwa marufuku. Baada ya hapo alikuwa anasimama pale pale, anaangalia juu, hasemi kitu. Mimi nilidhani anamngoja mtu."

Akauliza kuhusu maneno mengine, na Mwatime akamwambia anayoyajua. Kwamba haja ni kile ambacho mtu hawezi kuishi bila kukipata, na ndivyo ilivyo. Kwamba kujisaidia ni kazi ambayo hata mwenye watumishi mia hawezi kumtuma mtu amfanyie. Mzee alisikiliza kama mwanafunzi, anauliza, anarudia. Kuna mahali alicheka mpaka akashika tumbo, na safari hii hapakuwa na maumivu.

Kikao kilirudiwa wiki iliyofuata. Mzee Mwinyikai alisimama bila kushika meza. Alisema kura yake ni hapana. Kwamba hawezi kuwaondolea watu wa Sitara shukrani, wakati wameshaondolewa mvua, mahitaji na msaada, na yeye mwenyewe alikuwa mmoja wa waliokuwa wanapiga makofi. Akasema jambo lenyewe halijawahi kubadilika tangu Adamu, na kila neno lililotumwa kulifunika limerudi na harufu, kwa hiyo huenda shida si maneno. Akaomba la kwanza lirudishwe.

Walimsikiliza kwa heshima kubwa. Kisha wakakataa. Kushukuru kuliangushwa kwa ile kura yake moja, lakini la kwanza halikurudi, na kusafiri kuliachwa kuendelea mpaka litakapopatikana jingine. Bibi Sifa, ambaye alikuwa amemletea mzee supu ya kuku siku zote za ugonjwa wake, ndiye aliyependekeza apumzishwe ukuu kwa sababu ya afya. Wote waliafiki. Mwatime naye alipelekewa ujumbe na yule yule afisa wa langoni, mwenye haya kuliko siku ya kwanza, kwamba Sitara ilifurahi kuwa naye na haitamwongezea muda.

"Wamekuonea, baba," alisema Mwatime.

"Hawakunionea. Wanaogopa tu," alijibu mzee. "Mimi niliogopa kuliko wao."

Siku mbili kabla ya Mwatime kuondoka, alikuja jirani aitwaye Bi Riziki, mjane mwenye mashine ya kushonea. Alikaa kwenye ukingo wa kiti, akazungumza habari za vitambaa, za bei ya uzi, za vitambaa tena. Tunu alimletea kahawa. Mwishowe alimgeukia Mzee Mwinyikai, macho yakiwa sakafuni.

"Mzee, nasikia wewe uliweza kumwambia daktari. Mama yangu yuko ndani. Tangu wiki iliyopita hana kinachokaa tumboni, anakauka. Nimekwenda zahanati mara mbili. Nafika mlangoni, narudi." Alivuruga kahawa ambayo haikuwa na sukari. "Ningefurahi kama ungenisemea."

Mzee aliomba kofia yake. Mwatime alifuatana nao kumshika mkono mama yake Bi Riziki, aliyekuwa mwepesi kama mkeka uliokunjwa. Pale zahanati kulikuwa na benchi limejaa watu waliokaa kimya, kila mmoja akiangalia ukuta wake. Daktari Nasoro alisimama alipomwona mzee.

"Daktari, salamu zangu, na nimekuletea mgonjwa," alisema Mzee Mwinyikai, kwa sauti ile ya barazani iliyofika mpaka mwisho wa benchi. "Huyu bibi anakunya maji matupu tangu wiki iliyopita. Mara ngapi kwa siku, mimi sijui. Anajua binti yake."

Akamgeukia Bi Riziki, akangoja. Hakumharakisha. Mwatime alitaka kumjibia, akajizuia. Kwenye benchi watu walikuwa wameacha kuangalia ukuta.

Bi Riziki alishika ncha ya mtandio wake, akaizungusha kidoleni, akaikunjua.

"Anakunya mara nyingi," alisema, kwa sauti ndogo sana. Kisha, kubwa kidogo, "Usiku kucha. Nisaidieni, tafadhali."

Watu watatu waliinuka kwenye benchi kumpisha mama yake akae.